Asibaki Mtu Pembeni: Michezo ya Pamoja katika Kikundi cha Vijana



Ndugu msomaji, katika somo hili tunazungumzia jambo ambalo wengi huliona dogo, yaani michezo katika kikundi cha vijana parokiani. Tunapopangiwa kukutana na vijana, wengi wetu huandaa mada wiki nzima na nyimbo siku mbili, lakini michezo tunaikumbuka tukiwa tayari njiani. Tunasema, "Tutawachangamsha kidogo, kisha tuanze." Sisi wenyewe tulifanya hivyo, na tulijifunza kwa gharama ya mtu mwingine. Ndiyo maana tunaanza na kisa chenyewe kabla ya mafundisho.

1. Jumapili tuliyompoteza kijana

Tukiwa katika mwaka wa kichungaji, wawili kati yetu tulipewa kazi ya kuwasaidia walezi wa vijana katika parokia moja ya kijijini. Jumapili moja baada ya Misa ya pili tulichezesha mbio za Biblia. Wengi mnaujua mchezo huu: kiongozi anataja kitabu, sura na aya, wa kwanza kuipata anasimama na kuisoma kwa sauti, na kundi lake linapata alama. Ili pasiwe na wa kutegea, tuliamua kila mmoja ashiriki kwa zamu.

Ikafika zamu ya kijana mmoja wa miaka kama 17. Huyu tulimpenda wote. Siku za kubeba mchanga wa ujenzi wa kigango alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Tulitaja Waraka kwa Wafilipi. Alifungua Biblia katikati, akafunua kurasa kwenda mbele, akarudi nyuma. Kundi lake likapiga kelele, "Haraka! Haraka!" Upande wa pili walikuwa wameshaipata, wanangoja. Mmoja wetu, akidhani anamwokoa, akasema, "Basi, tusomee tu hapo ulipofungua." Kijana akautazama ukurasa. Pakawa kimya, kisha mtu mmoja akacheka, na wengine wakafuata. Naye akacheka. Akaiweka Biblia kwenye benchi taratibu, akasema anakwenda kunywa maji, na hakurudi.

Jumapili iliyofuata hakuonekana, wala mbili zilizofuata hiyo. Tulimfuata kwenye kibanda cha fundi baiskeli alikokuwa akijifunza kazi. Alitupokea kwa heshima, akatupangusia benchi. Tulipomuuliza kulikoni, alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye gurudumu: "Frateri, siku za kubeba mchanga niiteni, nitakuja. Siku za vitabu niacheni tu." Hapo ndipo tulipojua kwamba aliacha shule akiwa darasa la tatu. Tulimwomba msamaha. Akasema haina shida, akaendelea na kazi yake.

Tulimweleza mama mlezi wa vijana. Hakutugombeza. Aliuliza tu, "Sasa wanangu, mchezo ule mlikuwa mnawachezesha akina nani?" Hatukuwa na jibu. Somo hili lote limetoka katika swali lake.

2. Je, mchezo una nafasi katika malezi ya Kikristo?

Wapo waamini wanaosema kwamba vijana huja kanisani kusali, na kuruka ruka wakafanyie nyumbani. Kanisa halijafundisha hivyo.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya kitabu cha pili, swali la 168, anauliza kama panaweza kuwa na fadhila katika mchezo, na anajibu kwamba inawezekana. Kama mwili unavyochoka na kuhitaji pumziko, roho nayo huchoka kwa kazi ya akili, na pumziko lake ni furaha. Anasimulia kisa cha zamani kuhusu Mtakatifu Yohane Mwinjili. Watu walikwazika kumwona akicheza na wanafunzi wake. Yohane akamwambia mmoja wao mwenye upinde apige mshale, kisha apige tena na tena. Halafu akamuuliza kama anaweza kuendelea hivyo bila kukoma. Yule mtu akajibu kwamba upinde ungevunjika.

Mtakatifu Tomaso anatoa pia tahadhari tatu: mchezo usiwe na jambo la aibu au la kudhuru, usitupotezee kabisa utulivu wa akili, na umfae mtu, wakati na mahali. Kisha anaongeza jambo ambalo wengi hatulitarajii. Mtu asiyependa furaha yoyote, na anayewazuia wenzake wasifurahi, naye anakosea. Walezi wenye uso wa kukunja kila saa tulisikie hilo.

Mtakatifu Filipo Neri, aliyezaliwa Firenze mwaka 1515 na kufariki Roma mwaka 1595, aliwaongoza watu katika hija ya makanisa saba ya Roma. Njiani walisali, waliimba, na walikaa chini kula pamoja. Sala na furaha vilikuwa katika safari moja.

Lakini mwalimu wetu mkubwa katika jambo hili ni Mtakatifu Yohane Bosko. Akiwa bado mtoto kijijini Becchi, kaskazini mwa Italia, alijifunza mazingaombwe na kutembea juu ya kamba. Wenzake walipokusanyika kutazama, alisali nao rozari na kuwarudia mahubiri aliyoyasikia kanisani, ndipo akaendelea na maonyesho. Baadaye, akiwa padre kijana mjini Torino, tarehe 8 Desemba 1841, alikuwa sakristia akijiandaa kwa Misa. Msakristia alimkuta humo kijana wa miaka 16, Bartolomeo Garelli, akamtaka atumikie Misa. Kijana hakujua. Msakristia akampiga na kumfukuza.

Don Bosko aliagiza aitwe arudi. Baada ya Misa alimuuliza kama anajua kusoma. Hajui. Kuandika? Hajui. Wasalesiani husimulia kwamba mwishoni alimuuliza kama anajua kupiga mluzi, na hapo kijana akatabasamu. Ndipo katekesi ikaanza. Jumapili iliyofuata Garelli alirudi na wenzake, na hao ndio walikuwa mwanzo wa Oratorio. Pasaka ya mwaka 1846, tarehe 12 Aprili, Don Bosko alihamia katika banda la Pinardi, mtaa wa Valdocco. Alikodi banda la kufanya kanisa dogo pamoja na kiwanja kando yake, ili vijana wapate mahali pa kucheza.

Tazameni mpangilio wa maswali yale. Don Bosko aliendelea kuuliza mpaka akafika mahali ambapo kijana anaweza. Sisi tulisimama kwenye swali la kwanza, tena mbele ya watu arobaini. Papa Fransisko naye, katika Wosia wa Kitume Christus Vivit wa mwaka 2019, anatukumbusha kwamba vijana wanahitaji mahali wanapoweza kupaona ni pao, wanapoingia kwa uhuru na kupokewa. Mchezo mzuri ni mlango wa mahali hapo. Mchezo mbaya huufunga, na anayefungiwa nje huondoka kimyakimya.

3. Vipimo vya kuchagua mchezo

Baada ya kisa kile, kabla ya kila mkutano tunajiuliza maswali haya matano.

Kwanza, anayeshindwa mapema anafanya nini? Katika mchezo wa kugombea viti, wa kwanza kutoka ni mnyonge au mwenye aibu, na ndiye anayekaa muda mrefu kuliko wote akitazama wengine. Huyo ndiye aliyehitaji kucheza zaidi. Tuchague michezo isiyomtoa mtu.

Pili, mchezo unadai kitu gani ambacho baadhi hawana? Kinaweza kuwa kusoma, viatu, simu, nguvu, au nguo inayofaa. Binti aliyevaa gauni lake la Misa hawezi kukimbia ndani ya gunia.

Tatu, kicheko kitamwangukia nani? Kucheka pamoja hujenga. Kumcheka mmoja hubomoa, hata kama yeye mwenyewe anacheka.

Nne, je, wakati na mahali panafaa? Hatuchezi mbele ya Sakramenti Kuu, wala jirani na nyumba yenye msiba.

Tano, baada ya mchezo tutazungumza nini? Maswali mawili yanatosha. Mchezo usigeuzwe mahubiri ya nusu saa.

4. Michezo saba iliyotufaa

a) Vitendawili vya Biblia. Huu haudai kusoma, na wazee wa Jumuiya wanaufurahia kama vijana. Kundi moja linasema "Kitendawili!", la pili linajibu "Tega!" Wakishindwa, wanatoa mji kama ilivyo desturi. Kwa mfano: "Nilimmeza bila kumtafuna, nikamtapika pwani" (samaki wa Yona). "Alipanda mtini hakuleta tunda, akashuka akapata mgeni" (Zakayo). "Mtungi ameuacha kisimani, habari ameipeleka mjini" (mwanamke Msamaria). "Aliwika mara moja mzee akalia" (jogoo wa Petro). Wiki inayofuata wapeni vijana kazi ya kutunga vyao. Hapo ndipo wanapoanza kuisikiliza Injili kwa makini.

b) Nyama nyama ya Mitume. Wote tuliucheza utotoni: kiongozi anataja mnyama, na tunaruka tu kama analiwa. Hapa anataja jina, na tunaruka tu kama ni la Mtume. "Andrea!" tunaruka. "Herode!" tunatulia. Luka na Marko huwanasa wengi, kwa sababu ni Wainjili na hawakuwa katika wale Kumi na Wawili. Anayekosea hatolewi. Anakwenda mbele kumsaidia kiongozi kuchagua jina linalofuata. Na mtu akiruka kwa jina la Barnaba msimcheke, maana Matendo 14:14 inamwita mtume.

c) Kipofu na sauti. Wawili wawili. Mmoja anafungwa kitambaa machoni, mwenzake anamwongoza kwa sauti tu kupita kati ya ndoo na viti vilivyotawanywa. Jozi sita zikianza kwa pamoja, sauti zinachanganyika, na kila kipofu analazimika kuitafuta sauti moja. Halafu wabadilishane. Maswali: Ulijuaje sauti ya mwenzako? Katika wiki hii ni sauti zipi zilizokuita? Malizeni kwa Yohane 10, Mchungaji Mwema.

d) Fundo. Watu wanane hadi kumi wanasimama katika duara. Kwa kawaida hushikana mikono, lakini katika kikundi cha wavulana na wasichana ni afadhali kutumia vitambaa. Kila mmoja anashika kitambaa chake kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto anashika ncha ya kitambaa cha mtu asiye jirani yake. Sasa wajifungue bila kuachia, kwa kupita chini na juu. Wakati mwingine hutokea duara moja, wakati mwingine mawili. Maswali: Nani alisikilizwa? Nani alikuwa na wazo na hakusikilizwa?

e) Wabeba mwenye kupooza. Huu tuliutunga kutokana na Marko 2:1-12. Watu wanne wanashika pembe nne za kitenge kigumu, na katikati tunaweka bakuli lililojaa maji. Wanazunguka kiwanja na kurudi. Hatuhesabu nani amewahi. Tunapima kwa kikombe maji yaliyobaki. Mara ya kwanza wenye nguvu hukimbia, wakafika na bakuli nusu. Mara ya pili wanaanza kuulizana, "Umechoka? Tupunguze?" Mrefu anainama, mfupi anainua mikono. Tumeuchezesha mara nyingi, na karibu kila mara kundi linaloshinda ni lile lililokwenda kwa mwendo wa mtu wake wa polepole. Swali moja linatosha: Katika kikundi chetu ni nani anayebeba pembe yake peke yake?

f) Kombolela. Sheria zake hutofautiana mtaa kwa mtaa. Sisi tunacheza hivi. Mlinzi anakaa na kopo katikati ya kiwanja, anafumba macho na kuhesabu, wengine wanajificha. Akimwona mtu anamtaja jina, na aliyetajwa anakuja kukaa karibu na kopo kama mateka. Lakini akitokea mmoja ambaye hajaonekana, akakimbia na kulipiga kopo teke kabla mlinzi hajamwahi, mateka wote wako huru na mchezo unaanza upya. Hata mtu mmoja aliyebaki anaweza kuwatoa wote.

Vijana wanaujua mchezo huu tangu utotoni, ila wengi hawajawahi kulisikiliza jina lake. Ndani yake mna neno kukomboa, na kutoka hapo tuna Mkombozi. Baada ya mchezo tunawauliza waliokuwa mateka: Mlijisikiaje mlipomwona anatoka mafichoni? Na yeye tunamuuliza: Kwa nini hukubaki salama ulipokuwa? Kijana mmoja alitujibu, "Nilisikia wananiita." Tulifunga mada hapo, tukasali.

g) Mbio za Biblia, zilizorekebishwa. Hatukuutupa mchezo wetu wa kwanza. Sasa kila kundi la watu watano linapewa somo moja na dakika kumi. Anayejua kusoma anawasomea wenzake polepole, kisha kundi zima linaigiza somo hilo bila maneno, na wengine wanakisia. Asiyesoma mara nyingi ndiye mwigizaji bora, na hakuna anayehesabu nani alishika kitabu.

5. Mpangilio wa mchana mmoja

Kwa kikundi cha watu 30 hadi 40, tumeona saa mbili zinatosha. Saa 8:30 mchana, sala fupi na kuwakaribisha wageni kwa majina. Saa 8:40, mchezo mwepesi wa wote, kama nyama nyama. Saa 9:00, mchezo mkuu mmoja, usizidi dakika 40. Saa 9:40, maji ya kunywa na kukaa kivulini. Saa 9:50, mazungumzo katika makundi madogo, kisha Neno la Mungu. Saa 10:20, matangazo, sala na baraka. Saa 10:30 kila mtu aelekee nyumbani kukiwa bado na mwanga.

Kuhusu zawadi, tusichezee fedha, wala tusichangishe ili mshindi achukue. Karanga au miwa inatosha, na iwe ya wote. Sisi tuna desturi moja: washindi ndio wanaogawa, na wao wanachukua mwisho.

6. Tahadhari kwa walezi

Walezi wawe wawili au zaidi kila wakati, na pawepo mwanamke na mwanamume. Mlezi asibaki peke yake na kijana mahali pa faragha. Walio chini ya miaka 18 wawe na ruhusa ya wazazi, hasa mkitoka nje ya parokia. Kagueni kiwanja kabla ya kucheza, mwondoe vioo na misumari, mfunike mashimo. Katika kombolela wekeni mipaka ya kujificha. Visimani, barabarani na ndani ya majengo pasiwe sehemu ya mchezo. Sanduku la huduma ya kwanza liwe karibu.

Mtu akisema hataki kucheza, asilazimishwe, wala asiulizwe sababu mbele ya wenzake. Mpeni kazi ya heshima: kushika saa, kuhesabu alama, kupiga filimbi. Na sisi mafrateri, mapadre na makatekista tusisimame kando na mikono nyuma. Tucheze, tutoe jasho, tushindwe pia. Vijana hujifunza mengi wakimwona mlezi wao anashindwa bila kukasirika.

Hitimisho

Msomaji atataka kujua habari za yule kijana. Kurudi kwake hakukutokana na sisi. Mama mlezi alimtumia ujumbe kwamba mpira wa kikundi umeishiwa upepo, na parokia haina pampu. Jumapili hiyo akaja na pampu yake ya baiskeli, akaujaza mpira, akasimama chini ya mwembe kutazama. Mama akampa filimbi, akamwambia, "Mwanangu, hawa wanagombana kila mara, nisaidie." Akaishika. Wiki iliyofuata alikuja bila kuitwa.

Hatusemi kwamba kila kisa huisha hivyo. Wapo vijana walioacha kuja, nasi hatujui ni siku ipi tuliyowaacha pembeni. Lakini kijana yule bado ndiye mwenye filimbi. Na tumeona jambo moja: kabla hajaipuliza ili mchezo uanze, hugeuka kwanza akatazama chini ya mwembe kama kuna mtu amesimama peke yake. Akimwona, humwita. Kazi hiyo tulitumwa kuifanya sisi, na yeye ndiye aliyetufundisha.

Maswali ya kujadili katika kikundi au Jumuiya

1. Katika kikundi chetu, ni nani aliyeacha kuja mwaka huu? Je, kuna aliyemtembelea?
2. Ni mchezo gani tunaoupenda ambao huwaacha baadhi yetu pembeni? Tunaweza kuurekebisha vipi?
3. Someni Marko 2:1-12. Wale wanne walifanya nini walipokuta mlango umezibwa na watu? Mlango wa kikundi chetu umezibwa na nini?

Mtakatifu Yohane Bosko, baba na mwalimu wa vijana, utuombee.